Chumvi kwenye Paji la Raisa

Soko la Rumonge lilikuwa limefurika watu, mbuzi na mabidoni ya mawese pale baiskeli moja ilipokwaruza meza ya samaki ya Mwamini, ikamwagia mafuta kitenge chake kipya, kile cha buluu chenye tausi.

"Wee! Huna macho?"

Fahadi alishuka. Alikuwa mrefu, shati wazi kifuani, miguu imekakamaa kwa kubeba mawese kutoka Kigwena kila siku. Alimtazama mwenye kitenge, akasahau kuomba radhi.

"Macho iko, dada. Ndiyo yameniponza."

Wauza ndagala, dagaa wa ziwani, wakaangua kicheko. Mwamini naye alicheka, kisha akajilaumu. Tangu mumewe amwache hakuwa amechekeshwa na mwanamume.

Chini ya meza kikohozi kizito kikasikika. Fahadi akainama, akamwona msichana wa miaka minne, macho makubwa, mbavu zikipanda na kushuka.

"Mutoto iko na mafua?"

"Binti yangu huyo, Raisa. Si mafua, ni ugonjwa wa mukovisidozi. Amezaliwa nayo. Mapafu yanajaa makohozi mazito, na jasho lake lina chumvi kupita kiasi. Nilikuwa nikimbusu naonja chumvi, nikadhani ni hawa samaki wangu. Miaka miwili namsugua kwa sabuni tu! Baba yake akasema ni uchawi, akaenda."

Fahadi akapanda baiskeli yake. Jioni alirudi na sabuni ya kufulia kitenge.

Wakati huo vijana wa mtaa, Waislamu kwa Wakristo, walikuwa wakiandaa safari ya baiskeli hadi Bujumbura. Wangesimama kila kijiji cha ufukweni kueleza ugonjwa wa watoto kama Raisa, na kumalizia redioni. Pengine daktari mwenye dawa angesikia. Mwamini alijitolea kumenya machungwa ya waendeshaji. Rafiki yake Benedicte angegawa maji katika kijiji cha Magara, njiani. Sharti lilikuwa moja: hakuna kushika kamio. Kwenye barabara ile kila mwendeshaji hujining'iniza nyuma ya lori likipanda mlima. Lakini safari hii ilikuwa ya watoto wanaokosa pumzi. Kila mtu aende kwa pumzi yake.

Fahadi alijiandikisha. Kila jioni simu ya Mwamini ililia.

"Kipenzi, umekula?"

"Nimekula. Na wewe acha kumaliza yuniti kwa kuniuliza ugali."

"Basi sikiliza shairi, nimelitunga mlimani: Miguu yangu ya chuma, kamio siitamani, wala sitazami nyuma, mana unaniamini."

"Mm! Maneno matamu. Tutakuona mlimani."

Siku ya safari, askari walipokwisha kukagua barabara na kuifungua kama kila asubuhi tangu vita vianze, waliondoka wakipiga kengele. Raisa, begani kwa mama yake, alipunga kipande cha chungwa.

Mchana Kassimu, mmoja wa waendeshaji, alirudi peke yake, jasho limemkauka. Mnyororo wake ulikatika kabla ya Magara, akadandia gari la kwanza lililorudi Rumonge.

"Wengine wako wapi?"

"Sijui. Ila Fahadi wako nimemwona kwa macho yangu, kwa mbali mlimani. Ameshika kamio, anakwenda kama gavana!"

Mwamini alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Akapiga simu.

"Fahadi, umeshika kamio?"

Upande wa pili kulikuwa na kelele, na pumzi za mtu anayehema.

"Nimeshika."

"Kamio siitamani! Si ulisema wewe? Mwanangu anatafuta pumzi, wewe unadandia lori?"

Kelele zikazidi.

"Kama ndivyo unavyoniona," alisema Fahadi, "basi nione hivyo."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

Jioni habari ikafika: Magara kumepigwa risasi. Safari imekwisha, redioni hakuna aliyefika. Barabara imefungwa, na jeshi limekataza hata mitumbwi ziwani. Mwamini alikaa na simu mkononi, hasira yake yote imegeuka hofu. Usiku huohuo Raisa akapandwa na homa.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alisikiliza kifua, akatikisa kichwa.

"Anahitaji oksijeni. Iko Bujumbura."

"Na njia?"

"Dada, njia hakuna. Mgonge mgongo kama nilivyokuonyesha. Usiache."

Nyumbani Mwamini alimlaza mtoto mapajani, akakunja kiganja kama kikombe, akagonga. Po, po, po, ili makohozi yaachie. Mkono wa kulia ukafa ganzi, akaendelea kwa wa kushoto. Siku ya pili alikuwa akigonga huku analia.

Ndipo Benedicte akaingia uani, miguu imevimba, kiatu kimoja. Nyuma yake alisimama Fahadi. Hakuwa na baiskeli.

"Tumetembea na wakimbizi kutoka Magara," Benedicte alisema. "Mwamini, risasi zilianza nikiwa nagawa maji. Huyu alinitupa kwenye karia ya baiskeli, akashika kamio kwa mkono mmoja, akanishika mimi kwa mwingine. Tulipoanguka, baiskeli ikabaki barabarani. Wewe ulipiga tukiwa bado tunakimbia vichakani!"

Mwamini hakuweza kunyanyua uso. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kiburi," Fahadi alijibu. "Na wewe ulishaamini."

"Nisamehe."

"Nawe utusamehe sisi. Hatukufika redioni. Hakuna aliyesikia."

Alipiga magoti, akambusu Raisa kwenye paji la uso. Mwamini aliiangalia midomo yake: mumewe alikuwa akijipangusa kila alipombusu mtoto. Fahadi hakujipangusa.

"Kweli," alisema polepole, "chumvi."

Raisa alikohoa, kifua kikakoroma. Hakuna gari lililosikika barabarani.

"Mkono wako umevimba, kipenzi. Nipe zamu."

"Zamu hii haiishi, Fahadi. Ni ya kila siku, maisha yake yote. Hata kama ni mafupi."

"Ndiyo ninayoiomba."

Mwamini akamnyanyua mtoto, akamlaza kwenye mapaja ya Fahadi, akamshika kiganja na kukikunja kama kikombe.

"Hivi," alinong'ona. "Usiache."