Kipara cha Shahidi

"Mataulo yako yanamwaga maji mekundu juu ya mashuka yangu. Leo siku ya tatu."

"Anika kwingine, mama. Jua halina mwenyewe."

"Jua halina mwenyewe, kamba inaye. Mumeo anatokwa damu puani kila asubuhi, jengo zima linajua. Mpeleke hospitali, usitugeuzie ngazi machinjio."

"Pua ni yake. Wewe umeipanga?"

Chini ya ngazi, ndani ya ovaroli ya fundi bomba, Msumari alitabasamu bila kupenda. Ulimi ule aliujua. Aliishi nao miaka sita.

Redio ya Motorola ikakoroma sikioni; alikuwa mkuu wake wa idara ya usalama. "Shangazi hapa. Hali?"

"Wanawake wawili, kamba moja."

"Shahidi?"

"Yuko ndani, ghorofa ya nne."

"Gari linafika saa nane na nusu. Saa tisa anaapishwa. Asipofika, wauza silaha wanapanda ndege jioni hii hii, na hatuwaoni tena."

Shahidi alikuwa mkalimani. Wageni walipokutana na mafisadi wa hapa kupanga jinsi ya kupitisha bunduki mpakani, yeye ndiye aliyekaa katikati akitafsiri. Hakukuwa na karatasi wala kinasa sauti. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya kichwa kimoja chenye kipara.

Na kichwa hicho kilikuwa kinalala kwenye mto wa Msumari.

Mlango ule wa ghorofa ya nne aliupaka rangi mwenyewe. Akaitwa kazini wiki mbili, akarudi baada ya miaka miwili. Kazi ilimwoa yeye, mkalimani akamwoa mkewe. Sasa kwa siku tatu alikuwa akiwachungulia kwa darubini ya Zeiss: mke, fundi cherehani, akimfunga mumewe vifungo vya shati, akimtoa kiuzi begani. Mtu mzima na ndevu zake anafungwa vifungo?

Roho ilimchoma kama pilipili jichoni.

Juu, jirani, Mama Mapacha, hakuwa amemaliza. "Ukiniona mbaya mimi, kamwulize kinyozi wa chini kuhusu vidonge."

"Vidonge gani?"

"Vya kuotesha nywele. Kumbe hujui? Mwanamume mwenye kipara akianza kutafuta nywele ukubwani, ujue kuna mtu anashindana naye."

Fundi cherehani akaingia ndani. Mlango ukafungwa.

Msumari naye hakutabasamu tena. "Shangazi, niunganishe na mfamasia wa ofisi. Haraka."

Mfamasia alisikiliza, akaguna. "Faili lake linasema ana vali ya chuma moyoni. Anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande. Kwa kawaida dawa halali ya nywele haimtoi mtu damu hivyo. Lakini mwenye dawa ya damu haongezi kidonge chochote, kiwe cha nywele au cha jino, bila daktari wake kujua. Nipatie hicho kidonge."

Kinyozi, aliyefungua duka wiki tatu tu zilizopita, alikuwa peke yake. Kiti kimoja, kioo kikubwa, mashine mpya za Philips.

"Karibu, bosi. Nywele kama hizi kuzikata ni dhambi."

"Nataka vile vidonge vya nywele."

"Wewe? Una msitu mzima."

"Vya ndugu yangu."

Msumari alikuwa akitazama pembeni. Ufagio wa kinyozi ulikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani. Wiki tatu mtu ananyoa watu, na ufagio wake haujawahi kugusa sakafu.

Mkono wa kinyozi ukaingia chini ya taulo.

Ukatoka na bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti.

Msumari akakipiga kiti teke. Kikazunguka, kikamgonga kinyozi goti. Risasi ikala kioo. Spana ya fundi bomba ikamshukia kifundo cha mkono, halafu taya.

Kinyozi akaanguka.

Chupa ilikuwa mfukoni mwake. Vidonge vyeupe vingi, vya manjano viwili. Msumari akasaga cheupe kimoja, kisha cha manjano kimoja, ndani ya kipimo kidogo kama kiberiti, akakichomeka kwenye simu.

"Humo hamna dawa ya nywele hata chembe," mfamasia alisema. "Cha manjano ni dawa ya damu ya aina nyingine, ya haraka, mara kumi ya dozi. Vyeupe ni dawa yake ile ile ya damu, vya kumlegeza. Cha manjano ni cha kumaliza. Akikimeza juu ya dawa yake, hafiki jioni. Na kila mtu atasema ni moyo wake ule ule mbovu."

Kinyozi, amefungwa kwa kitambaa chake mwenyewe, alicheka na damu mdomoni. "Cha manjano nilimpa asubuhi. Nimemwambia ameze saa saba kamili."

Saa ya Casio ilisoma saa saba kasoro dakika mbili.

Msumari akapanda ngazi tatu tatu. Ghorofa ya kwanza. Ya pili.

Ya tatu, miguu ikapunguza mwendo.

Dakika moja tu. Angeinama afunge kamba ya kiatu. Asingemwua mtu; angechelewa tu, kama alivyochelewa maisha yake yote. Mke angekuwa mjane, na yeye angekuwa rafiki wa zamani aliyekuja kutoa pole. Nani angejua?

Kwenye kamba, taulo lilikuwa linadondosha maji mekundu, tone, tone. Mikono iliyolifua aliijua. Na taulo la mwisho, la kifo, lingefuliwa na nani kama si mikono hiyo hiyo?

Alipiga mlango bega.

Mkalimani alikuwa mezani, glasi ya maji mkononi, kidonge cha manjano kwenye ncha ya ulimi.

"Tema!"

Kofi la Msumari lilitua kisogoni. Kidonge kikaruka, kikaviringika hadi chini ya cherehani. Mke akasimama. Walitazamana, mke na aliyekuwa mume.

"Hicho ni cha kukuua," Msumari alisema. "Umemeza kingine cha manjano?"

"Hapana. Ni vyeupe tu."

"Daktari wako anajua?"

Mkalimani akainamisha kichwa kinachong'aa. "Ningemwambia nini? Wewe nakujua kwa picha. Nilikuta chanuo lako kwenye droo yake. Chanuo la mtu mwenye nywele. Miaka yote hakulitupa."

Msumari akamgeukia mwanamke, na tumaini ambalo hakulitaka.

"Chanuo lile?" mwanamke alisema. "Natenganishia nyuzi. Wajinga nyie wawili."

Mama Mapacha, aliyekwisha kufika mlangoni, akashika kiuno. "Wivu wa mke mwenza naujua. Wa mume mwenza ndiyo kwanza nauona."

Daktari wa idara alifika na sindano ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda. Saa tisa, kutoka kitanda cha hospitali, mkalimani alitoa ushahidi kwa video, pamba puani, neno kwa neno, lugha mbili. Wauza silaha walikamatwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

Siku nne baadaye Msumari alirudi kuchukua chupa ya mkalimani ya vidonge vyeupe, kielelezo cha mahakama. Aliipokea kizingitini, akaitia mfukoni, akavaa miwani yake ya Ray-Ban.

"Kazi njema," alisema, akageuka.

Alishuka ngazi mbili, taratibu, kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Ndani kulikuwa na vicheko, na vyombo vikigongana.

"Bwana Fundi Bomba." Mkalimani alikuwa mlangoni, shati limefungwa vifungo vyote. "Mke wangu kaniambia nisikuite, utakataa. Nakuita mimi. Rudi unawe mikono, tule. Hatujapakua, tulikuwa tunakungoja wewe."