Bendera Nyekundu ya Nyumbani

Sogeeni karibu, ila kwanza mmoja wenu akautazame mlango, maana haya ninayosimulia ni mambo ya mlango.

Palikuwa na mpeleka dawa mmoja, akitoka duka la dawa kwa baiskeli kwenda kwa wagonjwa majumbani. Wenzake walimwita Spoki kwa wembamba wake. Mguu alikuwa nao. Kichwa cha njia hakuwa nacho. Mitaa ilimponyoka kama maji mkononi. Tegemeo lake lilikuwa kidude cha ramani kilichofungwa kwenye usukani, na siku kilipoanguka mtaroni kikafa, alimfikia mgonjwa wa moyo amechelewa saa nzima. Mwenye duka akamwambia kwa upole kabisa: kesho uje na kidude kingine, au usije.

Fundi wa baiskeli akampangia vitatu mezani. Cha kwanza kilionyesha mshale tu, ukipotea, umepotea. Cha pili kilikuwa kipya, ramani yake safi, lakini kioo kikilowa mvua hakikusikia kidole. Cha tatu kilikuwa kimeshatumika: kina vitufe vya kubonyeza hata ukivaa glavu, chaji ya siku mbili, ramani ya mji mzima, na ndani yake njia za mkato mia na ushee alizoziweka mwenyewe wa kwanza. Fundi alipokiwasha, kioo kiliandika: Karibu tena.

"Tena?" Spoki akacheka. "Mimi na hiki tumeonana wapi?"

Fundi hakucheka. Wapanda baiskeli wa kazi ile walikuwa na ada yao. Kidude cha mtu mwingine hufutwa chote mbele ya shahidi, na ile bendera nyekundu ya kwenye ramani inayoonyesha nyumbani ndiyo hufutwa ya mwisho, shahidi akisema, mwenye nyumba amefika, na apumzike. Ndipo mpya aweke kwake.

"Mwanangu, futa," fundi akasema. "Aliyekuwa nacho hakuonekana tena. Baiskeli tuliikuta imesimama kwenye stendi, gurudumu la nyuma linazunguka, na mtu hakuna."

Spoki akasema kufuta ni kuzipoteza zile njia za mkato, na ndizo alizozifuata. Hapo hapo akaibandika bendera ya nyumba yake juu ya ile ya yule mwingine, bila kufuta chochote. Fundi akapangusa mikono kwa tambara, akanong'ona kwamba mkataa pema pabaya panamwita.

Wiki ya kwanza Spoki aliruka kama mshale. Jua likiwa bado juu, yuko kwake, na binti yake wa miaka mitano anamngoja getini, apakiwe kwenye keria na kuzungushwa uani mara tatu. Mara tatu, si nne, maana mama mtu alishaonya chakula kinapoa. Kwa mizunguko hiyo mitatu ndipo Spoki alipoona maana ya jasho lake.

Wiki ya pili mkewe akamuuliza kwa nini anazungusha baiskeli sebuleni. Spoki alikuwa bafuni, na baiskeli uani, imefungwa mnyororo. Lakini naye aliusikia mlio ule, tiki-tiki-tiki, gurudumu lisilokanyagwa, ukipita nyuma ya makochi, na nyuma yake ikaja harufu ya mpira ulioungua na udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Kwenye ramani, nyuma yake, kukatokea nukta nyingine. Siku ya kwanza ilikuwa umbali wa kilomita tisa. Kesho yake sita. Kesho kutwa nne. Yeye akienda kulia na kushoto kwa wagonjwa, ile haikupinda popote: ilikuwa inaifuata bendera.

Binti akamvuta mkono. "Baba, yule mwingine anajua jina langu."

"Yupi, mama?"

"Anayekaa nyuma yako. Kasema naye atanizungusha."

Mchana wa siku iliyofuata akakimbilia kwa mganga, bibi mmoja mwenye jicho moja. Hakukigusa kile kidude. "Jini huyu hana kwao," akasema taratibu, "na wewe umemwandikia kwako. Anaingia leo. Atakayetangulia kuvuka kizingiti ndiye mwenye nyumba. Kifunge kitambaani, usikitazame, urudi kwa njia unayoijua."

Njia anayoijua! Akakanyaga pedali, akapita duka la vioo, akapita shule, akapita duka la vioo tena, na kila kona ikawa na sura ya kona iliyotangulia, na jasho likamwingia machoni, na huku nyuma tiki-tiki-tiki ikamfuata bila haraka, kama mtu anayekwenda zake nyumbani akijua mlango uko wazi, hata akafungua kitambaa atazame mara moja tu, na akaona ile nukta imebakiza mita mia tisa kuifikia bendera na yeye kilomita mbili, lakini pembeni palikuwa na njia ya mkato, mita mia nne, ya yule aliyepotea, akaishika, akapita uchochoro, akapita chini ya daraja, harufu ya mpira na udongo ikizidi, mpaka akatokea kwenye uwanja mtupu.

Baiskeli zilikuwa zimepangwa humo kwenye stendi zao, moja baada ya nyingine, magurudumu ya nyuma yote yanazunguka, na katikati pameachwa nafasi ya moja. Kioo kikaandika: Umefika.

Akampigia mkewe simu.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mume wako. Funga mlango. Asiingie mtu."

"Kaka, umekosea namba. Mume wangu yuko hapa, ameshaingia. Yuko uani na mtoto."

Na kweli, nyuma ya sauti yake Spoki akasikia kicheko cha binti yake, anahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kicheko kikaisha.

Nne. Tano. Sita.

"Baba, basi. Baba, nataka kushuka."

Gurudumu halikupunguza mwendo.