Galoni Lisilotobolewa

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, pikapu ya Anselme ilitiwa oili bandia. Anselme mwenyewe hakujua. Kijana aliyeitia labda alijua, labda hakujua. Ilipofika saa sita, aliyejua kwa hakika alikuwa Darlène, binti yake wa miaka kumi na miwili. Naye alinyamaza.

Anselme alitoka Bukavu, Kongo, akahamia Kampala na mkewe Hortense. Walipanga chumba kimoja Kansanga. Anselme alibeba mizigo ya wafanyabiashara: nyanya, vitunguu, vitanda, chochote kilicholipiwa. Pikapu ile ilikuwa kuukuu, lakini ndiyo iliyolipa kodi, chakula na karo ya Darlène.

Kila baada ya kilomita elfu tano Anselme alibadilisha oili. Alikwenda kwa fundi Santa, mwanamke mrefu mwenye kibanda cha kubadilishia oili kando ya Barabara ya Ggaba. Alirudi nyumbani na galoni tupu, akampa Darlène pamoja na msumari.

Kazi ya Darlène ilikuwa ndogo. Kwanza akwaruze chini ya galoni namba ya kilomita iliyosomeka garini siku hiyo. Pili alitoboe galoni kwa msumari na nyundo, matundu matatu, kisha alitupe. Namba hiyo hiyo Anselme aliiandika katika daftari lake.

"Kwa nini tulitoboe, Papa?" Darlène aliwahi kuuliza.

"Kwa sababu mjini kuna watu wanaotafuta magaloni mazima kama kuku anavyotafuta mchwa. Wanajaza oili chafu, wanaziba upya, wanauza kama mpya. Galoni lenye matundu haliwezi kumwibia mtu."

Darlène aliandika namba zake vizuri. Saba zake alizikata kwa kistari katikati, kama baba yake alivyozoea kule Bukavu. Mwalimu wake wa hesabu alikuwa amechoka kumkataza.

Halafu akaja Olweny. Olweny alisukuma baiskeli yenye magunia mawili, akinunua plastiki kuukuu mtaani. Siku moja alimkuta Darlène uani na msumari mkononi.

"We dada mdogo, usiue mali!" alipaza sauti. "Likitobolewa hilo ni takataka. Likiwa zima na kizibo chake, nakupa elfu mbili."

"Papa amesema nilitoboe."

"Papa yuko wapi?"

Papa hakuwepo. Darlène alitazama noti, akatazama galoni. Elfu mbili ilitosha kununua chapati ya mayai, yake na ya rafiki yake Marlène. Jioni Anselme aliuliza, "Umetoboa?" Darlène akajibu, "Ndiyo, Papa. Nimeshalitupa."

Ndani ya mwaka huo aliuza magaloni matatu. Mara tatu aliulizwa, na mara tatu akajibu hivyo hivyo.

Sasa turudi Jumamosi ile.

Anselme alikuwa na haraka. Saa nane alitakiwa Kalerwe, kuchukua kreti za nyanya za Maimunah, mteja wake mkubwa, azipeleke kwenye mahoteli ya Kansanga. Kwa Santa kulikuwa na magari manne mbele yake. Mita mia moja kutoka hapo kulikuwa na duka jipya lenye bango kubwa jekundu: OILI DAKIKA KUMI. Mwenye duka aliitwa Ojera. Anselme aliingia huko, Darlène akiwa kando yake.

Kijana wa duka alifungua boneti kabla ya kuamkiana nao.

"Bosi, gari limezeeka hili. Tia oili nzito. Nzito inanyamazisha injini."

"Kwenye kifuniko cha injini pameandikwa nini? Soma," Anselme alisema.

"Aa, hayo ni ya Japani, ssebo. Hapa kwetu kuna joto."

"Joto la Kampala limefuta maandishi? Nipe iliyoandikwa hapo."

Kijana alicheka, akachukua kichupa rafuni. "Sawa. Basi tia na dawa ya kusafisha injini. Elfu thelathini tu."

"Injini haijaniambia inaumwa."

Darlène alitaka kucheka. Papa hakudanganyika kirahisi. Ojera mwenyewe aliinuka kitini akaja na galoni la oili ile ile aliyozoea Anselme.

"Huyu mzee anajua gari," Ojera alisema. "Mpeni yake. Na wewe mzee, kwa sababu umekuja mara ya kwanza, elfu sabini na tano."

Kwa Santa oili hiyo ilikuwa elfu mia moja na kumi. Anselme aliligeuza galoni, akatazama kizibo na karatasi ya kung'aa iliyofunika mdomo. Vyote vilikuwa vizima. Hakutazama chini. Nani hutazama chini ya galoni? Akalipa. Wakatiwa oili, wakarudi nyumbani.

"Kazi yako," Anselme alimwambia binti yake, akampa galoni tupu. "Andika 222480."

Darlène aliketi uani, akaligeuza galoni kichwa chini, akaelekeza msumari. Mkono ukasimama. Tayari palikuwa na namba: 217470. Saba mbili, zote zimekatwa kwa kistari.

Ulikuwa mwandiko wake.

Aliliweka galoni chini, akalichukua tena, akalificha nyuma ya pipa la maji. Aliingia ndani. Baba yake alikuwa anakula ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Darlène alifungua mdomo, akasema, "Papa, nikuongezee maji?"

"Ninayo."

Alitoka. Akaenda bombani na ndoo iliyokuwa imejaa. Akarudi. Akaosha sahani safi. Akasimama mlangoni, mguu huu, mguu ule.

"Umekalia siafu?" Hortense alimuuliza. "Tulia. Unanizungusha kichwa."

"Nimetulia, Mama."

"Huko ndiko kutulia?"

Sema sasa, Darlène alijiambia. Lakini akisema oili ni mbaya, ataulizwa amejuaje. Akisema amejuaje, atasema na magaloni yote matatu. Anselme alinawa mikono. Akachukua funguo. Akapiga honi mara moja, kama kawaida yake, na pikapu ikatoka uani.

Darlène aliisikiliza mpaka ilipopotea. Huenda oili ni nzuri, alifikiri. Huenda haitadhuru kitu leo. Alikaa. Akasimama. Saa tisa akalitoa galoni nyuma ya pipa, akalinusa. Lilinuka kama taa ya mafuta. Alilifunga kwenye leso, akakimbia kwa Santa.

Santa alikuwa amelala chini ya gari, miguu yake tu ikionekana.

"Mama Santa, shikamoo."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Darlène. Nauliza hivi… gari likitiwa oili mbaya, linaweza kuishi siku ngapi?"

"Gari la nani?"

"La rafiki yangu."

Santa alijivuta kutoka chini ya gari, akakaa, akafuta mikono kwa kitambaa. "Rafiki yako ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Banange! Miaka kumi na miwili, na gari analo." Santa hakucheka. "Fungua hiyo leso."

Darlène alifungua. Santa alilinusa galoni, akachovya kidole katika tone lililobaki, akalisugua. "Hii ni oili iliyotumika, imechujwa kwa kitambaa na kuongezwa dizeli. Baba yako yuko wapi?"

"Amekwenda Kalerwe. Kubeba nyanya."

"Na mzigo juu? Na kilima cha Nsambya?" Santa alikuwa amekwisha kutoa simu. Akapiga. Haikupokewa. Akapiga tena. Darlène alikuwa akizunguka kibandani, akigusa kila kitu, mpaka Santa akamshika bega. Mara ya tano, Anselme akapokea.

"Santa, niko kilimani Nsambya," sauti yake ilipasuka simuni. "Taa nyekundu ya oili imewaka, na injini inagonga kama mtu mwenye nyundo. Napandisha tu nifike juu nisimame vizuri."

"Zima! Zima hapo hapo, hata kama unaziba njia!"

"Wananipigia honi."

"Wapige. Zima, Papa Darlène!"

Pikapu ilivutwa kwa kamba mpaka kwa Santa. Nyanya zilikaa juani saa tatu kabla Maimunah hajapata gari jingine, na kreti mbili za chini zikawa uji. Maimunah alikuja mwenyewe, akatazama kreti zake, akamtazama Anselme.

"Baba Darlène, wewe ni mtu mwema," alisema. "Lakini nyanya zangu hazijui hilo."

Alipoondoka, Anselme aliketi juu ya tairi. Darlène alisimama mbele yake na galoni mikononi. Alisema yote: Olweny, elfu mbili, mara tatu, saba zake. Alisema pia kwamba saa sita, baba yake alipokuwa anakula, yeye alikuwa ameshajua.

Anselme alilichukua galoni, akazisugua zile saba kwa kidole gumba. Kisha akauliza jambo moja tu. "Uliponiuliza kama uniongezee maji?"

"Ndiyo, Papa. Nilikuwa nimeshajua."

Jumatatu Anselme, Santa na mwenyekiti wa mtaa walikwenda kwa Ojera. Darlène alikuwa nao. Ojera alikana.

"Galoni ni galoni! Namba hiyo mtu yeyote anaweza kukwaruza."

Anselme alifungua daftari, akaliweka juu ya meza. Miezi mitatu iliyopita, kwa kalamu ya bluu: 217470. Mwenyekiti akamwambia Darlène aandike namba ile ile kwenye karatasi. Akaandika. Mwenyekiti alilinganisha saba na saba, akaanza kuyageuza magaloni ya rafuni, moja baada ya jingine. Tisa yalikuwa na mikwaruzo ya vizibo vilivyofunguliwa na kuzibwa tena. Ojera alisema yeye pia aliuziwa. Hayo aliachiwa akayaeleze polisi, pamoja na jina la aliyemletea. Oili yote ya rafuni ilibebwa. Elfu sabini na tano za Anselme zilirudishwa siku hiyo. Baiskeli ya Olweny haikuonekana tena mtaani.

Waliporudi kibandani, Santa alimwita Darlène kwenye pikapu. Alikuwa amefungua injini kwa chini. Akamwonyesha beringi zilizokwaruzika, nyembamba kama kucha.

"Sikiliza," Santa alisema. "Mwenye duka atakushauri ununue anachotaka kuuza. Hata mimi nina siku hizo. Kazi ya mwenye gari ni kusoma gari lake linataka nini, na kuuliza. Baba yako alisoma, akauliza, akatazama kizibo. Mtu wa kumdanganya hakuwa dukani. Alikuwa nyumbani kwake."

"Na mimi niliipenda bei," Anselme alisema. "Oili haishuki elfu thelathini na tano bure. Hilo ni langu. Lakini, Darlène, kuuza galoni kulikuwa kosa dogo kuliko lile la saa sita. Ungesema wakati nakula, tungemwaga oili, tukatia nyingine, na nyanya zingefika. Ukikosea, sema mapema. Ukichelewa, gharama inakua, na unalipiwa na watu wengine."

Jumanne jioni, injini ilipofungwa, akamwambia alete daftari lake la hesabu.

"Andika. Nisomee kila unachoandika."

Darlène aliandika akisoma kwa sauti. Oili ya kweli magaloni mawili, moja la kuoshea injini na moja la kutembelea: 220,000. Filta mbili: 36,000. Beringi: 180,000. Kazi ya Santa: 120,000. Kuvutwa kutoka Nsambya: 50,000. Kreti mbili za nyanya za Maimunah: 140,000. Siku nne bila kazi, elfu tisini kila siku: 360,000.

"Jumla?"

Alijumlisha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. "Milioni moja, laki moja na elfu sita."

"Zimetoka wapi?"

Darlène alijua. Zilitoka katika kopo lililokuwa chini ya kitanda, akiba ya kuhamia nyumba ya vyumba viwili. Sasa walibaki katika kimoja mpaka mwaka ujao.

"Na Maimunah?"

"Amepata gari jingine, Papa. Harudi."

"Andika hilo pia. Halina namba, lakini liandike. Sasa andika ulichopata wewe."

Darlène aliandika: magaloni matatu, elfu mbili kila moja. Elfu sita. Zote za chapati.