Vipimo vya Koti

—Nyoosha mikono nikupime kifua.

—Chukua shati langu la zamani, upimie hilo.

Fundi akashusha futi yake. Mchumba wake, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Koti kwa sababu hata jua kali halikumvua koti lake, alikuwa amesimama karibu na mlango wa kibanda cha kushonea kama anayetaka kukimbia. Harusi ilikuwa inakaribia, na suti ya bwana harusi ilikuwa bado kitambaa.

Simu ya Koti, iliyokuwa juu ya cherehani, ikatoa mlio. Ujumbe ukasomeka:

"Vipimo vyako viko tayari na viko vizuri. Njoo Alhamisi asubuhi."

Fundi akaidaka simu. Kama ni mwanamke mwingine tu, pengine angemvumilia. Lakini fundi mwingine?

—Nani kakupima?

—Nipe simu.

—Mimi unaninyima hata bega, kumbe kuna mwenzangu keshakushika kifua kizima! Bora ungenipiga kofi mbele za watu.

—Huyo si fundi.

—Ni nani? Sema, au chukua pete yako.

Koti akafunga mlango, akakaa kwenye stuli ya wateja, mikono kifuani.

—Ni daktari. Vipimo ni vya damu.

—Unaumwa?

—Siumwi. Nina matiti.

Alilisema neno hilo akitazama sakafu. Yalianza alipobalehe. Aliambiwa yatapotea yenyewe, yakagoma. Shuleni wakambatiza jina la Shangazi, na tangu hapo hakuvua shati mbele ya mtu. Alhamisi alikuwa anakwenda kupasuliwa, nyama ile itolewe.

—Nilitaka unione nikishapona. Niliogopa utacheka.

Fundi machozi yakamlengalenga, hasira nazo zikiwa palepale.

—Nimepima nusu ya wanaume wa mtaa huu. Wenye kifua kama chako ni wengi, na sijamcheka hata mmoja. Kinachoniuma ni kuniweka kundi moja na waliokuita Shangazi.

—Nisamehe, mpenzi.

—Mimi nakutaka hivyohivyo ulivyo. Wewe mwenyewe unataka upasuaji?

—Nataka. Nimechoka na joto.

Fundi akacheka huku analia.

—Basi Alhamisi tunakwenda wote.

Akamsubiri kwenye benchi la hospitali hadi alipotolewa chumba cha upasuaji. Fulana ya kubana aliyovishwa ilipoanza kumchubua kwapani, Fundi alimwomba nesi ruhusa, akaishonea kitambaa laini.

Wiki kadhaa baadaye, daktari alipomruhusu kuivua fulana ile, Koti alikwenda moja kwa moja kibandani. Akavua koti, akavua shati. Makovu mawili madogo yalikuwa yameanza kufifia.

—Nipime.

Fundi akamzungushia futi. Kifua kilikuwa kimekakamaa.

—Usibane pumzi. Suti itakusumbua.

Koti akaiachia pumzi taratibu, mabega yakashuka. Hapo ndipo Fundi aliposoma namba, kisha akambusu penye kovu.

—Na hili koti?

—Lichanechane, ufutie cherehani.