Sauti ya Namba Moja

Walikutana sokoni, kwenye vibanda vya spea za redio ambako watu hupita kwa kubanana. Yeye, mwanamume wa shati jeupe lililopigwa pasi ikakubali, alibeba kinanda cha umeme begani na kumgonga mwanamke mwenye ovaroli ya bluu.

"Kaka, utaning'oa meno!"

"Samahani sana, dada. Namtafuta fundi wa vinanda vya zamani."

"Basi umeshampata. Umempiga kikumbo."

Mwanamke huyo aliishi chumba cha nyuma ya karakana yake, kwenye harufu ya lehemu na chai ya kikombe kimoja. Simu yake iliita kwa ajili ya kazi tu. Sasa, tangu aachiwe kinanda kile akitengeneze, ikaanza kuita jioni.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Ana nafuu. Anakuulizia."

"Yeye, au daktari wake?"

"Mpiga kinanda wewe, una maneno!" Akacheka peke yake chumbani, hata akajishangaa.

Ndani ya kinanda kulikuwa na betri inayotunza kumbukumbu za sauti. Sauti ya namba moja ilitengenezwa na marehemu baba wa yule mpiga kinanda. Aliibonyeza mbele ya fundi mara moja tu, siku ile ya kwanza, akasema, "Nikiibonyeza hii, mzee anarudi nyumbani."

Kila fundi anajua: kabla hujatoa betri, hamishia sauti kwenye kaseti. Lakini betri ilikuwa imeanza kuvuja, na fundi alitaka kumshangaza mpiga kinanda, ambaye sasa alikuwa mpenzi wake, kwa kumaliza kabla ya onyesho lake la muziki. Haraka haina baraka, na haraka ya mapenzi ndiyo kabisa. Aliing'oa betri.

Mpiga kinanda akaja, akabonyeza namba moja. Kikatoka kivumo kitupu.

"Baba yuko wapi?"

"Nisamehe, mpenzi. Nilisahau kuhifadhi kwanza."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alitoka, akakiacha kinanda mezani.

Ukimya ulirudi chumbani ukakaa kama mwenye nyumba. Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Alipika, hakula. Upweke wa zamani aliuzoea; huu mpya ulikuwa na jina la mtu, nao ulimuuma. Akakaa mbele ya kinanda, akazungusha vifundo vya sauti kimoja kimoja, akiitafuta ile sauti aliyoisikia mara moja. Kisha akapiga tena.

Safari hii ikapokelewa. "Sina la kusema."

"Usiseme. Sikiliza." Akaweka simu karibu na spika ya kinanda, akabonyeza.

"Ilikuwa nzito zaidi," mpiga kinanda akasema.

Akazungusha.

"Hapo. Mwisho wake ulitetemeka kidogo."

"Hivi?"

"Taratibu zaidi. Mzee hakuwa mtu wa papara kama wewe."

Akazungusha tena. Simu ilikatwa. Fundi aliinamisha kichwa mezani, akalia.

Mlango ukagongwa. Mpiga kinanda alisimama pale, shati halijapigwa pasi, macho mekundu.

"Ipige nikiwa hapa."

Akaipiga. Mpiga kinanda alisikiliza mpaka ikafifia.

"Siyo ya baba," alisema.

"Najua. Nimejitahidi."

"Lakini nzuri. Ihifadhi."

Kidole cha fundi kikaenda kwenye namba moja. Mpiga kinanda akakishika.

"Hiyo iache tupu, mpenzi. Ni nafasi ya mzee." Akakisogeza taratibu hadi namba mbili. "Hii ndiyo yetu."