Jina la Anwari, Maneno ya Fred

Upepo wa Agosti ulikuwa ukitimua vumbi katika viwanja vya Nane Nane, Mbeya, na Nasrin alikuwa anagombana nao. Mkono mmoja umeshika mtandio, mwingine umeshika simu, anamrekodi mama mmoja kutoka Umalila akieleza habari za viazi vyake. Alivaa gauni refu la bluu na koti la sufu la kaka yake lililompwaya mabegani. Kila mama alipofungua kinywa, mgongo wa mwanamume ulipita katikati.

"Kaka, unatuzibia."

Mgongo haukusikia. Mwenyewe alikuwa amechuchumaa, anampiga picha ng'ombe.

"Kaka mwenye kamera! Huyo ng'ombe amefungwa, haendi popote. Huyu mama ana wateja."

Mwanamume akageuka. Alikuwa mrefu, amevaa kofia ya sufu iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi, na vumbi limemjaa kwenye ndevu.

"Nisamehe, dada. Mimi kazi yangu ni picha za harusi. Nimefurahi kumpata mtu asiyeniambia nimpunguze unene."

Nasrin hakutaka kucheka, lakini alicheka. Mwanamume akajitambulisha: Anwari, ana studio Miyomboni, Iringa. Akampiga mama wa viazi picha moja tu, na ilipotokea kwenye kioo cha kamera, mama mwenyewe akasema, "Kumbe mimi mzuri hivi?"

Nasrin akajua hapo hapo kwamba picha ile anaitaka. Alikuwa na blogu yake, Ukungu na Udongo, ya habari za wakulima na wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini.

"Nitumie," alisema.

"Nikupe picha, na wewe unipe namba?"

"Bila namba utaitumaje, bwana wewe?"

Wakaanza hivyo. Mvua zilipokolea, Anwari alikuwa anapiga simu kila baada ya magharibi, na Nasrin, kwao mtaa wa Soweto, Mbeya, anatoka uani kupokea hata kama baridi inauma. Baba yake, Mzee Kudra, muuza vitambaa wa Mwanjelwa, alikuwa anaongeza sauti ya redio kwa makusudi.

Walipendana vizuri. Kilichowagombanisha kilikuwa blogu.

Nasrin alikuwa amemwingiza Anwari kama mchangiaji. Mchangiaji anaandika, anatuma, anasubiri. Hawezi kuchapisha. Hawezi kupandisha picha hata moja. Na habari yake ikishachapishwa, hawezi kugusa hata nukta.

"Nasrin mpenzi, mimi ni mpiga picha," Anwari alisema siku moja, akijitahidi kuwa mpole. "Umenipa nafasi isiyoruhusu picha."

"Si unanitumia kwa WhatsApp nazipandisha mimi?"

"Zinafika zimefifia! Ng'ombe anakuwa kama mbuzi."

"Nitabadilisha, wangu. Nikikaa kwenye kompyuta."

"Ulisema hivyo kabla ya Krismasi."

"Sasa unanifokea?"

"Sifoki. Nauliza. Huyo Fred yeye ni mhariri, anafuta, anachapisha, anabadili vya watu. Kwa nini?"

Fred alisoma chuo na Nasrin. Zamani Nasrin alikuwa na moyo mkubwa, akampa kila mtu ruhusa ya kuchapisha, mpaka asubuhi moja akakuta blogu yake ya mashamba inatangaza dawa za nguvu za kiume. Rafiki mmoja wa baba yake aliiona kabla ya Nasrin. Fred ndiye aliyesafisha aibu ile. Tangu hapo Nasrin alifunga milango yote, akamwachia Fred funguo.

"Fred alinisaidia," alisema.

"Na anakuita mrembo kwenye kila komenti."

"Anwari, usinichoshe!"

Akakata simu. Baadaye akatuma alama tatu za kopa, na Anwari akajibu kwa kopa moja.

Wiki iliyofuata Anwari alikwenda Usangu, kwa Mzee Ngolo, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wa baba yake tangu ujana. Alilala kwake, akala ugali na maziwa mgando, akajifunza kusema mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Alirudi Iringa akaandika habari aliyoipenda kuliko zote: jinsi mzee alivyopunguza mifugo, alivyokubaliana na wakulima wa mpunga njia ya kupitisha ng'ombe, na hofu yake kwamba siku moja ataambiwa ahame. Akaiita "Nyumbani kwa Ngolo". Akatuma. Akasubiri.

Nasrin alikuwa msibani Kyela na wazazi wake, mtandao wa kubahatisha. Kwa hiyo aliyeisoma, na kumwomba Anwari picha kwa WhatsApp, ni Fred.

Siku ya pili Anwari alipigiwa simu na Veronika, binti wa Mzee Ngolo. Sauti ilikuwa kavu.

"Kaka Anwari, nimemsomea baba ulichoandika."

"Kimetoka? Amefurahi?"

"Umetuita wavamizi."

Anwari akafungua blogu. Jina lake lilikuwepo. Picha ya mzee akiwa amemshika ndama ilikuwepo. Juu yake, kwa herufi kubwa: WAVAMIZI WA BONDE: NG'OMBE WANAVYOIMALIZA USANGU. Habari ya makubaliano na wakulima ilikuwa imekatwa yote.

"Watu wamekuja nayo kwenye simu," Veronika aliendelea. "Kuna mkutano wa kitongoji keshokutwa. Wanamwambia baba hata mgeni wake mwenyewe amemshuhudia vibaya. Baba hataki kuongea na wewe. Mimi nimepiga ili ujue tu."

Anwari alibonyeza kila mahali. Kitufe cha kuhariri hakikuwepo. Alimpigia Nasrin, hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Akamwandikia Fred.

"Kaka tulia," Fred alijibu. "Posti inakimbia hiyo. Kichwa chako cha habari kilikuwa kimelala."

"Ondoa."

"Mwenye blogu ni Nasrin. Akisema, naondoa."

Anwari alikaa kwenye kiti cha wateja wake wa paspoti, akaitazama habari yenye jina lake ikisambaa mikononi mwa watu, na yeye hana ruhusa ya kufuta hata herufi moja. Alitukana kwa sauti. Bibi aliyekuja kuchukua picha zake akarudi nje.

Nasrin alipata mtandao jioni ya kesho yake, gari lilipopanda Tukuyu. Simu ikalia mfululizo kama imeingiwa na wazimu. Alisoma zote. Palepale, gari likiyumba kwenye kona, akairudisha habari kama Anwari alivyoiandika, akaweka maelezo juu kwamba kichwa cha awali kilikuwa cha uongo, akamvua Fred uhariri. Fred akapiga, Nasrin hakupokea. Yeye akampigia Anwari, hakupokelewa. Ujumbe ukaingia:

"Ondoa jina langu kwenye blogu yako."

"Baba," Nasrin alisema, "nishushe mjini, nataka kuwahi basi la Makambako. Nalala kwa shangazi."

Mzee Kudra alimtazama kwenye kioo. "Kuna nini Makambako?"

"Kuna mtu Nyololo."

Alijua kuwa kesho yake Anwari anapiga picha harusi kule. Asubuhi aliingia ukumbini na baibui lenye vumbi la safari, kati ya wanawake waliong'aa kwa vitenge vya sare, na kumkuta amepanda kiti, anaelekeza kamera kwenye keki.

"Anwari, shuka tuongee."

"Nipo kazini."

"Nimebadilisha kila kitu. Fred hayupo. Nimekupa usimamizi kamili, sawasawa na mimi."

"Hongera." Akapiga picha. "Dada mwenye kijani, sogea kidogo."

"Unataka nini tena jamani? Nimesafiri mpaka huku!"

Anwari akashuka. Macho yalikuwa mekundu. "Nilitaka unisikie nilipoongea kwa upole. Mara ngapi nilikuomba? Ukaona kama mtoto analilia peremende. Yule mzee alinipa kitanda chake, Nasrin. Alilala chini."

Muziki wa harusi ulikuwa mkubwa, Nasrin akalazimika kusogea karibu.

"Kompyuta nilikuwa naifungua kila siku," alisema. "Sikusahau. Niliogopa. Fred akiniudhi ningemfukuza tu. Wewe je? Nikikupa kila nilichojenga, halafu tukiachana, nitabaki na nini? Nilikuogopa kwa sababu nakupenda. Ni upumbavu, na aliyeumia ni Mzee Ngolo."

Anwari akapangusa lenzi kwa ncha ya shati, kitu ambacho huwa anawakataza wengine.

"Mkutano ni leo saa nane," alisema. "Keki wakishaikata, msaidizi wangu Peter atamalizia. Ninakwenda."

"Tunakwenda."

Bajaji waliyokodi waliposhuka basi Rujewa ilinasa kwenye tope, wakamalizia kwa miguu. Watu walikuwa wamekaa nje ya ofisi ya kitongoji, wakulima upande wao, wafugaji upande wao. Mzee Ngolo aliketi na fimbo yake magotini. Anwari alimsalimu mwangaluka, na ingawa ilikuwa mchana, hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti, Mzee Antoni, mkulima wa mpunga, akawaruhusu kusema. Anwari alisoma habari yake halisi, na alipofika kwenye makubaliano ya njia ya ng'ombe, mkulima mmoja akasema, "Hiyo kweli, hata mimi nilikuwepo." Kisha Nasrin akasimama.

"Maneno mabaya hakuyaandika huyu. Blogu ni yangu. Niliyempa ruhusa hakustahili, niliyemnyima alistahili. Mzee, nakuomba radhi mbele ya majirani zako."

Akalia, akachukia kwamba analia.

Mzee Antoni alikohoa. "Habari za njia tutazungumza sisi wenyewe, kama zamani. Simu ziwekwe mifukoni."

Mzee Ngolo hakusema amesamehe. Alimwambia Veronika alete maziwa, akamtazama Anwari akinywa mpaka akamaliza kibuyu.

Walirudi barabarani kwa miguu. Kabla ya kufika bajaji ilipo, Anwari akasimama.

"Nasrin, nikuoe?"

Nasrin alitazama viatu vyake visivyoonekana kwa tope. "Nimelia mbele ya kitongoji kizima, nina njaa, nimelowa, na wewe umechagua sasa hivi?"

"Nikingoja siku usiyokuwa umekasirika nitazeeka."

"Ala!" Akacheka huku machozi bado yapo. "Tuma washenga. Waje Jumapili, baba anakuwepo. Wasichelewe, anachukia."

Anwari akampigia mjomba wake Yunusu papo hapo. "Mjomba, shikamoo. Ni hivi, kuna binti, yaani, kwao Mbeya, siyo Mbeya hasa, ni Soweto, sasa Jumapili..."

"Mwambie saa nne!" Nasrin alisema kwa pembeni. "Na waulize duka la Mzee Kudra. Mwanjelwa!"

"Huyo anayepiga kelele ndiye mwenyewe?" mjomba aliuliza.

"Ndiye."

"Mpe simu. Wewe hueleweki."