Gramu Mia za Mkaguzi

Saa nne asubuhi soko lilikuwa limefurika. Mkaguzi wa mizani alipenya katikati ya watu, gauni la kijivu limenyooshwa kwa pasi, kisanduku cha vipimo vya shaba mkononi, akaingia duka la sonara.

"Karibu, dada. Unauza dhahabu au unanunua?" aliuliza sonara, kijana mwenye shati jeupe, vidole vikinuka moshi.

"Napima."

"Basi pima taratibu. Moyo wangu uko karibu na mizani."

Mkaguzi aliweka kipimo cha gramu mia. Mizani ikasoma mia kamili.

"Mwaminifu wewe."

"Namwogopa Mungu."

"Mimi nisiyemwona simwogopi."

"Mimi si unaniona? Nipe namba ya simu."

Akampa. Miezi sita ikapita, mapenzi yakakolea, simu zikawa hazikatiki. Alasiri moja mkaguzi alikuwa akisafisha vipimo vyake ofisini, simu imebanwa begani.

"Mama anataka ndoa yetu ibarikiwe, kipenzi," sonara alisema.

"Huyo Mungu wenu athibitishe kwanza kwamba yupo, nije na shela."

"Na mimi ninavyokupenda, umethibitisha wapi?"

"Wewe bado uko kwenye uchunguzi!"

Alicheka hadi kipimo cha gramu mia kikamponyoka, kikagonga sakafu ya saruji. Alikiokota, akakifuta, akakirudisha kisandukuni huku bado anacheka.

Wiki iliyofuata ulifika ukaguzi wa nusu mwaka. Mizani ya sonara ilisoma tisini na tisa nukta nane. Akarudia mara tatu. Ikawa ile ile. Wateja wawili walishika vidani vyao wakatazamana: kumbe dhahabu yao ilikuwa inapunjwa.

"Sijaigusa," sonara alisema. "Mungu shahidi yangu."

"Shahidi huyo hajawahi kuitika akiitwa."

"Basi amini neno langu mimi."

"Naamini namba."

Akaifunga mizani kwa uzi na lakiri nyekundu, isitumike. Sonara aliitazama.

"Miezi sita unanijua," alisema polepole, "na umeamini kipande cha shaba."

Simu ya mkaguzi haikuita tena.

Siku ya tisa mkaguzi alipeleka vipimo makao makuu vihakikiwe. Mpimaji mkuu, mama mnene mwenye glavu nyeupe, alikigeuza kile cha gramu mia chini ya lenzi.

"Binti, hiki kina kidonda, kimepungua uzito. Ulikidondosha?"

Mkaguzi alikumbuka sakafu ya saruji ya ofisini. Kisha akauliza, "Na hicho unachokipimia, nani alikipima?"

"Kilipimwa kwa kingine, ng'ambo. Hicho nacho kwa kingine."

"Na cha mwisho?"

"Zamani kilikuwa kipande cha metali, kimefungiwa. Siku hizi wanategemea namba moja ya maumbile. Wanasema hapa na kwenye nyota ni ile ile."

"Kwa nini haibadiliki?"

Mama alivua glavu. "Hilo hakuna anayelijua, mwanangu. Sisi tunapima tu. Na kila tukipima, tunaikuta."

Miaka tisa mkaguzi alibeba kisanduku kile bila kuuliza kimesimama juu ya nini. Hakumwona Mungu. Aliona kwamba chini ya kila namba aliyowahi kuiandika kulikuwa na kina asichokifikia, kimetulia, nacho hakikumdai ushahidi wowote. Alishuka ngazi ameshika ukuta.

Mchana huo huo alikata lakiri mbele ya wateja.

"Mizani hii ni sahihi," alisema kwa sauti. "Kosa ni langu. Nilidondosha kipimo, nikanyamaza. Nisamehe."

Sonara aliviringisha uzi wa lakiri kidoleni.

"Umeshampata Mungu?"

"Sijampata. Nimepata pengo kwenye shaba yangu, sawa na punje ya mchele."

"Na ile baraka ya ndoa anayoitaka Mama?"

"Nitasimama mbele pamoja nawe. Kuamini siahidi."

"Kusimama kunatosha kuanzia." Tabasamu likamponyoka. "Na mimi, bado niko kwenye uchunguzi?"

Mkaguzi alinyoosha mkono wa kushoto juu ya kaunta.

"Nipime kidole."

Sonara alimjaribisha pete ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Saizi kumi na saba," alisema.

Mkaguzi hakuinama kuhakiki.